Daftari la Mtunza Bustani

Somo letu la mwezi huu lahusu mtu aliyekaa kijijini kwake, akalima bustani yake, akaandika siku kwa siku yale aliyoyaona. Hakuwa mfalme wala jemadari, wala hakusafiri nchi za mbali kutafuta sifa. Jina lake Gilbert White. Alizaliwa tarehe 18 Julai 1720 katika kijiji cha Selborne, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Akafa katika kijiji hicho hicho tarehe 26 Juni 1793. Alisoma katika chuo cha Oxford, akapewa kazi ya kasisi, akatumika miaka mingi kama kasisi msaidizi katika shirika la Selborne na mashirika ya jirani.

Walimu wengi wa vijiji hufanana naye kwa kazi: hukaa mahali pamoja, huwajua watu wote, huzika na kubatiza, na jioni hurudi kwenye shamba lao. Kwa hiyo yafaa tumtazame. Na jambo tutakalolitafuta katika habari zake ni moja tu: jinsi mtu awezavyo kutenga lile aliloliona na lile analolidhani. Ni jambo dogo kulitaja, lakini ni gumu kulifanya.

1. Majira ya kuchipua

Kwanza tufahamu majira ya nchi ile, maana si kama yetu. Sisi twahesabu masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na mvua ndiyo itugawiayo mwaka. Huko Uingereza mwaka hugawiwa na baridi na joto. Miezi ya Desemba, Januari na Februari mchana ni mfupi, miti mingi haina jani hata moja, na usiku jalidi huigandisha ardhi. Kisha, tangu mwezi wa Machi hata Mei, jua hupanda juu, ardhi hupata uvuguvugu, na kila kitu kilicholala huamka: majani hutoka, nyuki huruka, ndege waliokuwa hawaonekani huonekana tena. Hayo ndiyo majira ya kuchipua.

Lakini majira hayo hayaji kwa siku moja yenye kujulikana. Mwaka mmoja huwahi, mwaka mwingine hukawia. Na mara nyingi, baada ya siku kumi za joto, jalidi hurudi usiku mmoja na kuua miche yote. Mkulima apandaye mapema mno hupoteza mbegu, naye akawiaye mno hukosa mavuno. Basi, katika nchi ile, kujua dalili za majira ni jambo la chakula.

2. Bustani ya Selborne

Mwaka 1751 Gilbert White alianza kuandika daftari la bustani yake. Aliandika siku aliyopanda maharagwe, siku yalipoota, mbegu zilitoka wapi, na udongo ulikuwaje. Zaidi ya yote alijishughulisha na matango na matikiti. Mimea hiyo hupenda joto, na Uingereza katika mwezi wa Machi bado ni baridi. Basi watunza bustani wa zamani walifanya hivi: walirundika samadi mbichi ya farasi, mikokoteni mingi, wakaishindilia kuwa tuta pana. Samadi ioapo hutoa joto. Juu ya tuta waliweka udongo mzuri, wakapanda mbegu, kisha wakafunika kwa sanduku lisilo na chini, ambalo juu yake lina kioo. Jua likaingia kwa kioo, joto la samadi likapanda kutoka chini, na matango yakaota ijapokuwa nje kuna theluji.

Kazi hiyo yataka macho. Samadi ikizidi moto, mizizi huungua. Ikipoa, miche hukauka. Kioo kisipoinuliwa kidogo mchana, mvuke huozesha majani. Kwa hiyo White alikwenda kutazama asubuhi na jioni, akaandika. Alipokuwa safarini, mtumishi wake Thomas Hoar, aliyemtumikia miaka mingi, alimwandikia habari za bustani na hali ya hewa, daftari lisiwe na pengo.

Ni vema tukumbuke na jambo la viazi vya Ulaya. Zao hilo, ambalo leo huonekana kuwa ni la Waingereza tangu zamani, lilikuwa geni kwa watu wa Selborne. White alivipanda katika miaka ya 1750, wakati ambapo maskini wa kijiji hawakuthubutu kuvionja. Baada ya muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, aliandika kwamba maskini hao hao wamevipenda sana. Yeye aliyasadiki mabadiliko hayo kwa kuwa alikuwa na tarehe zake. Mwingine angalisema tu kwamba mambo yamekuwa hivyo siku zote.

3. Safu za daftari

Mwaka 1767 mwanasheria mmoja, jina lake Daines Barrington, alichapisha daftari la namna mpya kwa ajili ya watu wapendao kuangalia viumbe. Kila ukurasa ulikuwa wa juma moja, nao ulipigwa mistari ukawa na safu: mahali, joto la hewa, uzito wa hewa, upepo, mvua, hali ya mbingu, miti inayotoa majani kwa mara ya kwanza, mimea inayochanua, ndege na wadudu wanaotokea au kutoweka, na mwisho nafasi ya mambo mengineyo. White aliletewa daftari hilo, akaanza kulijaza mwaka 1768. Akaendelea miaka 25, hata mwezi wa Juni 1793, siku chache kabla ya kufa kwake.

Katika kurasa hizo mambo makubwa na madogo yamekaa pamoja. Tango la kwanza limekatwa, mtoto amezaliwa kwa ndugu yake, jirani amezikwa, mvua imepimwa, nyuki wametoka. Yeye hakuoa, lakini alikuwa na wapwa na watoto wa ndugu wengi sana, naye aliwaandika mle mle pamoja na maua na ndege. Mtu asomaye leo huona maisha ya kijiji kizima yakipita, siku baada ya siku, bila ya mwandishi kujitukuza.

Tena tazama faida ya safu. Safu tupu humwuliza mtu swali. Usipoandika kitu chini ya upepo, nafasi nyeupe yakuuliza: je, leo hukuutazama upepo? Hivyo daftari hufundisha macho kutazama hata vitu ambavyo moyo haukuvipenda siku ile.

4. Ndege watatu waliodhaniwa kuwa mmoja

Huko Selborne, katika majira ya kuchipua, hutokea ndege wadogo wa rangi ya kijani iliyofifia, wenye kuruka-ruka mitini wakila wadudu. Watu waliwaita kwa jina moja, na hata wataalamu wa vitabu hawakuwatenga vizuri. White aliwasikiliza. Akaona kwamba mmoja huja mapema, mwezi wa Machi, naye hurudia sauti mbili tu, kama mtu agongaye chuma. Wa pili wimbo wake huteremka polepole kwa upole. Wa tatu hukaa juu katika miti mirefu na sauti yake hutetemeka. Akawapima, akawalinganisha ukubwa na rangi ya miguu. Mwaka 1768 alimwandikia rafiki yake Thomas Pennant, mtaalamu wa wanyama, kwamba ndege hao ni aina tatu mbalimbali. Alisema kweli, na mpaka leo wahesabiwa aina tatu.

Basi fikirini huzuni iliyompata mtu huyo. Mwaka 1774 aliandika kwamba uziwi humjia mara kwa mara, na kwamba ukimshika hawezi kusikia sauti za shamba. Mwezi wa Mei, ambao ndio wenye kelele nyingi za ndege, huwa kwake kimya kama Agosti. Mtu aliyewatambua ndege kwa masikio alianza kunyimwa masikio! Lakini hakuliacha daftari. Siku ambazo hakusikia, aliandika alivyoviona.

5. Kobe chini ya ardhi

Shangazi yake White, aliyekaa Ringmer katika jimbo la Sussex, alikuwa na kobe aitwaye Timothy. Shangazi alipofariki mwaka 1780, White alimrithi kobe huyo. Alimfukua katika ardhi alimokuwa amelala, akamtia sandukuni pamoja na udongo, akamchukua kwa gari la farasi mwendo wa maili 80. Mtikisiko wa njia ukamwamsha. Lakini alipowekwa bustanini, baada ya kutembea kidogo, akajifukia tena, kwa kuwa baridi haijaisha.

Kila mwaka kobe alizama ardhini mwezi wa Novemba, akatoka katika majira ya kuchipua. White alimpima uzito kwa mizani, akaona ni kati ya ratili 6 na 7. Aliandika alivyokula, alivyokimbia mvua, alivyochagua ukuta wenye jua. Kobe huyo aliishi hata mwaka 1794, akamzidi bwana wake kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Gamba lake limehifadhiwa London katika jumba la makumbusho ya viumbe. Na wataalamu walipolichunguza, walitambua kwamba Timothy alikuwa jike. Watu wote walikuwa wamemwita kwa jina la kiume maisha yake yote.

6. Mbayuwayu huenda wapi?

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Kila mwaka, karibu na katikati ya Aprili, mbayuwayu walionekana Selborne. Na kila mwaka, Septemba na Oktoba, walitoweka. Walikwenda wapi? Wakati ule watu wenye elimu waligawanyika. Wengine walisema: wanavuka bahari kwenda nchi zenye joto. Wengine walisema: hawaendi popote, bali hujificha katika mashimo, au hata chini ya maji ya maziwa, wakalala mpaka joto lirudi. Tusiwacheke upesi. Popo hulala hivyo wakati wa baridi. Na White alikuwa na kobe wake bustanini, mfano hai wa kiumbe azamaye na kufufuka kila mwaka.

Moyo wa White ulielekea kwenye neno la usingizi. Alipenda kuamini kwamba baadhi ya mbayuwayu hubaki karibu na kijiji. Wakati mwingine aliwaona wachache katika siku ya joto mwezi wa Novemba, baada ya wenzao kutoweka kwa majuma mengi; akajiuliza, hao wametoka wapi kama hawakulala hapa karibu?

Lakini alikuwa na ushahidi wa upande wa pili pia, naye hakuuficha. Ndugu yake John White alikuwa kasisi wa askari Gibraltar, mahali ambapo Ulaya na Afrika zakaribiana kwa bahari nyembamba. John aliona kwa macho yake ndege wengi sana wakivuka mlango ule wa bahari, wakienda kusini na kurudi kaskazini kwa majira yao. Gilbert aliyaandika hayo katika barua zake, akakiri kwamba kuhama kwa ndege ni kweli kwa aina nyingi.

Kisha akafanya jambo la haki: akapeleleza. Mwanzoni mwa Aprili 1781 aliwaajiri watu wakatafute katika vichaka na mashimo ya upande wa kilima cha Selborne, mahali alipowaona ndege wa jamii ya mbayuwayu kwa mara ya mwisho mwaka uliotangulia. Tarehe 11 Aprili, watu wale walipokuwa wangali wakipekua, ndege mmoja wa jamii ile, wa kwanza kuonekana mwaka huo, akaja akiruka juu ya njia ya kijiji, watu wakimtazama, akaingia katika kiota cha zamani chini ya paa, kisha akaruka akaenda zake. Kule kilimani watu hawakupata ndege hata mmoja aliyelala.

White aliandika yote mawili: kwamba alitafuta, na kwamba hakupata. Bado hakuliacha wazo lake kabisa. Lakini hakusema ameona asichokiona. Je, ni watu wangapi ambao, wakiwa na neno wanalolipenda, wangaliandika hivyo? Kama angalitaka sifa, ingalikuwa rahisi kuleta hadithi ya mtu aliyesikia kwa mtu, na hadithi za namna hiyo zilikuwa nyingi Ulaya. Yeye alizisoma, akazingoja zithibitishwe.

Jibu lilikuja baada ya zaidi ya miaka mia. Watu walianza kuwavika ndege pete ndogo za chuma mguuni, zenye nambari. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivikwa pete katika jimbo la Staffordshire, Uingereza. Mwezi wa Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, na pete yake mguuni. Basi mabishano yakaisha: ndege aliyejenga katika nyumba za Uingereza alikuwa amekuja kwetu, upande huu wa Afrika.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya mwamjua ndege huyo. Mgongo wake ni mweusi wenye kung'aa kama buluu, paji la uso na koo ni rangi ya udongo mwekundu, ana ukanda mweusi kifuani, na mkia wake una panda mbili ndefu. Hufika kwetu tangu karibu na Septemba, akaondoka wakati wa Machi na Aprili. Wale wa Uingereza hukaa zaidi kusini mwa Afrika, nao tuwaonao huku hutoka Ulaya na Asia. Lakini desturi yao ni moja. Tuna na mbayuwayu wengine wasiohama mbali, kwa hiyo yatupasa kutazama alama vizuri kabla ya kuandika. Neno walilobishania wataalamu wa London, mtoto mchunga mbuzi wa huku angaliweza kuwasaidia, kama angaliulizwa, na kama angaliweka tarehe.

7. Faida ya miaka mingi

Kitabu cha White, kilichokusanya barua zake kwa Pennant na Barrington, kilitoka mwaka 1789, kikiuzwa na ndugu yake Benjamin, aliyekuwa mwuza vitabu London. Mzee mmoja wa jimbo la Norfolk, Robert Marsham, alikisoma, akamwandikia White mwaka 1790, nao wakaandikiana hata White alipofariki. Marsham naye alikuwa na daftari. Tangu mwaka 1736 aliandika dalili za majira ya kuchipua: siku mwaloni ulipotoa jani, siku mbayuwayu alipoonekana, siku vyura walipolia, na nyingine kama hizo. Alipokufa mwaka 1797, watoto na wajukuu wake wakaendelea, kizazi baada ya kizazi, hata mwaka 1958.

Wataalamu wameyatumia maandiko hayo kuonyesha jinsi miti inavyotangulia kutoa majani katika miaka yenye joto. Siku hizi, watu waulizapo kama hali ya hewa ya dunia yabadilika, tarehe hizo za watu wa bustani huulizwa kama mashahidi. Marsham hakujua swali litakaloulizwa. Aliacha jibu lake tayari.

8. Yatupasayo kufanya

Nchi yetu haikosi watu wajuao dalili. Wazee huangalia maua ya mti fulani, mchwa wanaoruka, upepo ugeukao, kisha husema: tayarisheni majembe. Ujuzi huo umejaribiwa kwa njaa na shibe. Lakini wakifa bila kuandikwa, watakaobaki watakumbuka maneno nusu nusu, na vijana watacheka. Basi mwalimu wa kijiji, mwenye kalamu na watoto wajuao kusoma, aweza kufanya hivi:

Apige mistari katika daftari. Safu ya kwanza iwe ya tarehe na mwaka; ya pili, mvua na upepo; ya tatu, kilichopandwa au kuchanua; ya nne, ndege na wadudu waliofika au kuondoka; ya tano, habari za nyumbani. Ya sita iwe mbali kidogo, juu yake aandike: Nadhani. Humo aweke mawazo yake na maneno aliyoyasikia kwa wengine, pamoja na kusema nani aliyasema. Asiyachanganye kamwe na yale aliyoyaona mwenyewe.

Siku asiyoona kitu, aandike kwamba alitazama, hakuona. Mwaka wa kwanza daftari litaonekana kuwa halina maana. Mwaka wa tatu litaanza kusema. Mwaka wa kumi litakuwa mali ya kijiji. Na akisafiri, amwachie mtu wa nyumbani kalamu, kama Thomas Hoar alivyoachiwa.

Kaburi la Gilbert White lipo Selborne, karibu na kanisa. Jiwe lake ni dogo, na juu yake zimechorwa herufi mbili za jina lake na tarehe ya kufa kwake, basi. Hata jiwe limeandikwa kama daftari.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini White alikuwa na sababu ya kudhani kwamba mbayuwayu hulala ardhini au mashimoni? Sababu hiyo ilikuwa nzuri kiasi gani?

2. Katika habari ya tarehe 11 Aprili 1781, White aliona nini, na alidhani nini? Tengeni vizuri.

3. Katika kijiji chenu, mambo gani yasemwayo kuhusu mvua na mimea mmeyaona wenyewe, na yapi mmeyasikia tu?

4. Ni mzee yupi wa kwenu ajuaye dalili za majira? Mwendeeni mwezi huu, mkamsikilize, mkaandike maneno yake pamoja na tarehe ya siku hiyo.